Je, RNA yangu imeharibika? Jibu kwa msomaji mwenye kolaitisi ya vidonda

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 29. Mwaka juzi nilipimwa kwa kamera nikaambiwa nina kolaitisi ya vidonda, upande wa kushoto wa utumbo mpana. Natumia mesalazini na, kwa miezi saba sasa, azathioprini. Damu imekoma na naendelea vizuri. Wiki iliyopita nilisoma kwamba ugonjwa huu unatokana na 'mabadiliko ya RNA', na tangu hapo silali. Je, RNA yangu imeharibika? Nilichanjwa chanjo ya korona ya mRNA, ndiyo iliyoniletea? Mimi na mume wangu tunapanga kupata mtoto, nitamrithisha? Kuna mtu ananiuzia vidonge vya 'methili' vya kurekebisha RNA, na ananishauri niache azathioprini kwa sababu eti inaingia kwenye DNA na RNA. Kuna kipimo cha RNA nikapime kwanza?"

Marahaba, dada. Nianze na lililokunyima usingizi: RNA yako haijaharibika. Ulichosoma hakikuwa uongo mtupu, ila ni ukweli uliokatwa kichwa na miguu, ukabaki kiwiliwili kinachotisha. Nitajitahidi kukurudishia viungo vyake, kisha tuje kwenye chanjo, mtoto na huyo muuza vidonge.

Neno lililokuponza ni "mabadiliko". Kiswahili chetu hapa kinatubana kidogo, maana tunalitumia neno hilohilo kwa mambo mawili yasiyofanana. Tukisema mabadiliko ya jeni, mara nyingi tunamaanisha hitilafu: herufi ya DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli, imekosewa na kosa hilo linanakiliwa kila seli inapogawanyika. Lakini wanasayansi wanaochunguza RNA na utumbo wanazungumzia kitu kingine, yaani alama ndogo za kikemikali ambazo seli yenyewe huzibandika juu ya RNA kwa makusudi, ikazibandua inapotaka. Mimi ninazo, wewe unazo, na mtu ambaye hajawahi kuumwa tumbo maisha yake yote anazo vilevile. Bila alama hizo tusingezaliwa. Kwa hiyo kuanzia hapa nitasema "alama", na neno "mabadiliko" tuliache.

Sasa tuone zinafanya kazi gani. Kila seli yako yenye kiini, ya jicho kama ya utumbo, imebeba DNA ileile. Seli inapohitaji protini fulani, hunakili kipande kinachohusika cha DNA kuwa RNA, na nakala hiyo, RNA mjumbe, ndiyo mRNA, hutoka nje ya kiini kwenda kwenye ribosomu, mahali protini zinapoundwa. Ujumbe ukishasomwa mara kadhaa huvunjwavunjwa. Mwingine huishi dakika chache, mwingine saa nyingi. Kumbuka hilo la umri wa ujumbe, maana ndilo lenye uzito katika ugonjwa wako.

Kabla ujumbe haujafika mwisho wake, seli huweza kubandika alama juu ya baadhi ya herufi zake. Ukihesabu aina zote za RNA katika viumbe vyote, alama zinazojulikana zimezidi 170. Iliyo nyingi kuliko zote ndani ya RNA mjumbe yetu huitwa m6A: kaboni moja na haidrojeni tatu, kundi liitwalo methili, limekaa juu ya herufi A, moja ya herufi nne za kikemikali zinazoiunda RNA. Iligunduliwa mwaka 1974, ikasahaulika kwa miaka mingi kama pambo tu. Mwaka 2011 ndipo ilipoonyeshwa kwamba kuna kimeng'enya, FTO, kinachoweza kuifuta, na mwaka uliofuata zikatoka ramani zilizoonyesha alama hiyo kwenye jumbe za maelfu ya jeni. Kitu kinachoandikwa na kufutwa si pambo tena.

Ukitaka mfano, chukua neno "barabara". Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Ukiupeleka kwenye silabi ya pili, ni sawasawa kabisa. Hakuna herufi iliyobadilika. Mfano huu unatufikisha nusu ya safari tu, kwa sababu m6A kwa kawaida haibadilishi protini itakayoundwa. Inachobadilisha ni hatima ya ujumbe: usomwe mara ngapi, uishi muda gani, uvunjwe lini. Vimeng'enya viwili vinavyofanya kazi kwa kushikana mikono, METTL3 na METTL14, ndivyo waandishi. FTO na ALKBH5 ni wafutaji. Kisha kuna kundi la protini za wasomaji, ambazo hunasa alama na kuamua la kufanya. Mmoja wao, YTHDF2, akishika ujumbe wenye alama, mara nyingi huo ndio mwisho wake.

Kwa nini jambo hili lihusu utumbo? Kwa sababu utumbo mpana ni mahali pagumu kuishi. Upande mmoja kuna matrilioni ya bakteria. Upande wa pili kuna kundi kubwa la seli za kinga. Kati yao pana safu moja tu ya seli, yenye ute juu yake, ambayo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Kinga ya hapo inatakiwa iwake haraka adui anapopenya, na, jambo lililo gumu zaidi, izime haraka akishaondoka. Jumbe za kuwasha moto, kama ule wa protini iitwayo TNF, zimeumbwa ziishi muda mfupi. Kiwango cha uhai wa jumbe hizo kikipotoka, kinga hukaa imewaka hata adui asipokuwepo. Huo ndio mchochota: utando unavimba, unakuwa mwekundu, unachubuka, unatoa damu. Kwako wewe ulianzia kwenye puru ukapanda upande wa kushoto, kama kolaitisi ya vidonda ifanyavyo. Ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, huruka huku na huku na huweza kutoboa unene wote wa ukuta wa utumbo.

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo mambo yanaponoga na ndipo muuza vidonge wako anapopotea njia.

Mwaka 2017 ilichapishwa kazi moja ya panya. Watafiti waliondoa METTL3 kwenye seli T, askari wa kinga, kisha wakazihamishia seli hizo kwa panya wasio na kinga yao wenyewe. Kwa kawaida ukifanya hivyo na seli T za kawaida, panya hupata kolaitisi mbaya. Hawa hawakupata. Seli zilizonyimwa alama zilibaki kama kuruta asiyeitwa mazoezini: hazikuongezeka, hazikukomaa, hazikushambulia. Ukiishia hapo utasema, basi tuzime alama na ugonjwa umekwisha.

Mwaka uliofuata kundi lenye baadhi ya watafiti haohao liliondoa METTL3 ileile kwenye aina moja tu ya seli T, zile za kudhibiti, ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao. Panya hao waliugua vibaya mwili mzima, kinga yao ikiwashambulia wenyewe. Mwaka 2020 wengine wakaondoa mwenzake, METTL14, kwenye seli T kwa jumla, na panya wakapata kolaitisi bila kuchokozwa na kitu, kwa kuwa seli zao za kutuliza hazikufanya kazi. Walipowekewa seli za kutuliza zilizo nzima, walipata nafuu. Wengine tena wakaigusa METTL14 si kwenye kinga bali kwenye seli za utando wa utumbo wenyewe: seli zikaanza kufa, ukuta ukavuja, kolaitisi ikaingia.

Umeona? Alama ni ileile, waandishi ni walewale. Ukiiondoa kwenye seli hii, panya anapona. Ukiiondoa kwenye ile, panya anaugua. Ndiyo maana mtu akikuambia "alama zako ni chache, ziongeze" au "ni nyingi, zipunguze", swali la kumrudishia ni moja: kwenye seli gani? Hatakujibu, kwa sababu kidonge chake hakichagui.

Na hayo yote ni ya panya. Kwa binadamu, watafiti wamechukua vipande vya utumbo vya wagonjwa na vya watu wasiougua wakalinganisha viwango vya waandishi, wafutaji na wasomaji. Tofauti zipo, ila matokeo ya kazi moja na nyingine hayalingani, na kuna mtego ambao makala za magazeti huuruka. Kipande cha utumbo uliowaka kimejaa seli za kinga ambazo kwenye utumbo mtulivu ni chache. Ukisaga vyote viwili ukapima RNA, hulinganishi tena seli na seli, unalinganisha umati na umati. Kwa hiyo tofauti inaweza kuwa chanzo cha ugonjwa, au moshi wa moto uliowashwa na kitu kingine. Makala uliyosoma, kwa jinsi ulivyoinukuu, imechukua moshi ikauita kiberiti.

Ushahidi ninaouheshimu zaidi kwa binadamu unahusu alama nyingine kabisa. Kuna kimeng'enya ADAR1 ambacho hubadilisha herufi A ya RNA kuwa herufi isomekayo kama G. Hufanya hivyo hasa kwenye RNA iliyojikunja ikawa na nyuzi mbili. Sababu ni nzuri: virusi wengi huleta RNA ya nyuzi mbili, na seli zetu zina mlinzi, MDA5, anayepiga king'ora akiiona. RNA yetu wenyewe ikijikunja namna hiyo, ADAR1 huiharibu mkunjo kidogo, mlinzi akajua huyu ni wa nyumbani. Mwaka 2022 uchambuzi mkubwa wa vinasaba ulionyesha kwamba baadhi ya tofauti za kurithi zinazoongeza uwezekano wa kupata magonjwa ya mchochota, yakiwemo haya ya utumbo, ni zile zinazopunguza uhariri huu. Hapo mshale unaelekea kwenye chanzo, maana vinasaba hutangulia ugonjwa. Lakini kila tofauti moja mchango wake ni mdogo mno. Maeneo ya DNA yanayohusishwa na magonjwa haya yamepita 200, na juu yake kuna bakteria wa utumbo, dawa za kuua bakteria utotoni, sigara, na mengine. Hakuna anayeugua kwa sababu ya alama moja.

Hilo la mlinzi linatuleta kwenye chanjo. Nalijibu bila kukucheka, kwa sababu maneno "RNA" na "mRNA" yakikaa karibu akili huunganisha yenyewe. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha kwamba RNA iliyotengenezwa maabara ikipelekwa kwenye seli za kinga hupigiwa king'ora, lakini ukibadilisha baadhi ya herufi zake zikawa na alama za asili, kama sudouridini, king'ora hunyamaza. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2023, na chanjo za korona za mRNA hutumia alama ya jamii hiyo. Kwa maneno mengine, RNA ya chanjo ilipambwa ili isiamshe kinga ovyo. Inachomwa kwenye msuli wa bega, haiingii kwenye kiini cha seli, haigusi DNA, na baada ya muda mfupi huvunjwa kama jumbe nyingine. Haiandiki wala kufuta alama kwenye RNA yako. Wagonjwa wengi wa mchochota wa utumbo walichanjwa na wakafuatiliwa, na chanjo haikuonekana kuwaongezea ugonjwa kulipuka. Tena, ugonjwa wako una umri: Samuel Wilks, daktari wa London, aliuelezea mwaka 1859.

Ukitaka chanjo za kuogopa ukiwa kwenye azathioprini, ogopa zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa, kama ya homa ya manjano. Hizo usichome bila kuzungumza na daktari wako. Nyingine, kama ya mafua ya msimu, unazihitaji kuliko mtu mwingine.

Mtoto sasa. Humrithishi alama zilizo kwenye RNA ya utumbo wako. RNA ya seli za utumbo hubaki huko na hufa huko. Unachoweza kumpa ni sehemu ya uwezekano uliomo kwenye DNA, na uwezekano si hukumu. Hata kwa mapacha wa kufanana, wenye DNA moja, mmoja akiwa na kolaitisi ya vidonda mwenzake huipata kwa chini ya mara moja kati ya tano. Kwa Crohn uzito wa urithi ni mkubwa zaidi kidogo. Watoto wengi sana wa wazazi walio na hali yako hawaugui.

Kwa ujauzito wenyewe, ambao naona ndio moyo wa barua yako, RNA haina usemi wowote. Mwenye usemi ni utulivu wa ugonjwa siku unaposhika mimba. Wanaoshika mimba ugonjwa ukiwa umetulia, takriban theluthi moja huona dalili zikirudi, sawa na wasio wajawazito. Wanaoshika mimba ugonjwa ukiwa umewaka, takriban theluthi mbili huendelea kuwaka, na hapo ndipo hatari ya mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo inapopanda. Kwa hiyo tunataka angalau miezi mitatu ya utulivu kamili kwanza, bila steroidi, zile dawa za kuzima mchochota kwa haraka. Wewe huenda uko karibu kuliko unavyodhani. Mesalazini kwa kawaida huendelea wakati wa ujauzito. Azathioprini pia huendelea kwa wengi. Dawa ya kundi hili isiyoruhusiwa kabisa ni methotreksati, ambayo huitumii.

Ulipouliza kipimo cha RNA, nilifurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipa. Hakuna kipimo cha alama za RNA kinachotumika kugundua au kufuatilia ugonjwa huu hospitalini, na anayekuuzia anakuuzia karatasi. Vipimo vyenye faida kwako ni vya kawaida tu. Kuna kipimo cha kinyesi cha protini ya kalprotektini, kinachoonyesha kama kuna moto hata ukijisikia mzima. Kifanye kabla ya kuanza kutafuta mimba. Kuna picha kamili ya damu, kiwango cha chuma na utendaji wa ini. Kuna kamera, ambayo kwa mwenye kolaitisi iliyopanda hadi upande wa kushoto huanza kurudiwa kwa mpangilio takriban miaka minane baada ya dalili za kwanza, kutafuta dalili za mapema za saratani. Ikiwa uligunduliwa mwaka juzi lakini damu ilianza zamani, hesabu tangu damu ilipoanza, na umwambie daktari.

Kipimo cha vinasaba chenye maana kipo pia, tena kinahusu azathioprini. Watu wengine huzaliwa na TPMT au NUDT15 dhaifu, vimeng'enya vinavyosaidia mwili kuidhibiti dawa hiyo, na dozi ya kawaida huwashusha seli nyeupe za damu kwa hatari. Hupimwa kabla ya kuanza. Wewe umemaliza miezi saba. Kama seli zako nyeupe zimekuwa zikipimwa na ziko sawa, mtihani mkubwa umepita, ila damu iendelee kuangaliwa kila baada ya miezi michache.

Nikubali jambo moja kwa haki: mtu wako hakudanganya aliposema azathioprini huingia kwenye DNA na RNA. Huingia kweli. Mwili huigeuza kuwa kitu kinachofanana na herufi G, na seli T zinazogawanyika kwa kasi zikikitumia hukwama, nyingine hufa. Ndiyo kazi tunayoitaka. Bei yake pia ipo. Huongeza kidogo uwezekano wa saratani za ngozi zinazosababishwa na jua na wa saratani ya tezi za limfu, ndiyo maana tunakwambia ujikinge na jua kali na tunapima damu. Lakini dawa hii imetumika kwa wagonjwa wa utumbo kwa miongo mingi, kasoro zake tunazijua kwa majina. Ukiiacha leo pengine hutaona kitu kwa wiki kadhaa, utafurahi, kisha moto utarudi, labda mwezi uleule uliokusudia kushika mimba. Ikiwa unataka kuiacha, ni mazungumzo halali kabisa, na kuna njia mbadala: sindano za kuzuia TNF, vedolizumab na nyinginezo. Yafanyike na daktari wako, kalprotektini ikiwa mezani.

Vidonge vya methili: methili inayobandikwa kwenye RNA hutoka kwenye kemikali moja, SAM, ambayo mwili huitengeneza kutokana na protini tunazokula kwa msaada wa foliki asidi na vitamini B12. Hadi hapo muuzaji yuko sahihi. Anapokosea ni kudhani kwamba ukiongeza wino, mwandishi ataandika vizuri zaidi. Alama inakwenda wapi huamuliwa na METTL3 na wenzake, kulingana na mpangilio wa herufi na aina ya seli, si kwa wingi wa methili tumboni. Kama huna upungufu, unameza kwa ajili ya choo. Kichekesho ni kwamba mimi mwenyewe nataka umeze kimoja kati ya vitu hivyo: foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia unapoacha kuzuia mimba hadi wiki 12 za ujauzito. Ni kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto, haina uhusiano na kolaitisi. Wanaotumia sulfasalazini, binamu wa zamani wa mesalazini, huhitaji zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huzuia foliki asidi isifyonzwe.

Je, ipo siku tutatibu utumbo kupitia RNA? Nadhani ipo, na nasema "nadhani" kwa makusudi. Dawa ya kuzima METTL3 imeshaanza kujaribiwa kwa binadamu, ila kwa saratani, ambako kuua seli ndiyo nia. Kwa kolaitisi ipo obefazimod, kidonge ambacho hakibandiki alama bali huongeza RNA fupi moja ya kutuliza, miR-124, nayo iko kwenye majaribio ya mwisho. Na ipo mongersen, ambayo huwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka. Ilikuwa kipande kifupi kilichotengenezwa kuzima RNA mjumbe ya protini moja, SMAD7, kwa wagonjwa wa Crohn. Mwaka 2015 matokeo ya awali yalikuwa mazuri kiasi cha watu kushangilia. Mwaka 2017 jaribio kubwa lilisimamishwa kwa sababu dawa haikuonyesha faida. Waliokuwa wameacha dawa zao wakisubiri miujiza, walisubiri bure.

Endelea basi na mesalazini na azathioprini. Usitumie dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni bila kuuliza, kwani huweza kuuamsha ugonjwa. Panga miadi sasa, kabla ya mimba, na mwambie daktari wa utumbo na wa uzazi wazungumze.

Lakini usisubiri miadi ikiwa unakwenda choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku, hasa ukiwa na homa au moyo unaokwenda mbio ukiwa umeketi. Hiyo ni hali ya kulazwa siku hiyohiyo. Vivyo hivyo tumbo likijaa, kuwa gumu na kuuma sana, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla, maana ugonjwa ukiwaka damu huganda kwa urahisi. Jicho kuwa jekundu lenye maumivu na kuona ukungu, nenda kwa daktari wa macho upesi. Na kwa sababu ya azathioprini, homa ya nyuzi 38 au zaidi, vidonda kooni au michubuko isiyo na sababu ipimiwe damu siku hiyo, usiipe panado ukalala.

Siku ya miadi chukua daftari lenye tarehe damu ilipoanza na ilipokoma, majibu yote ya damu ya miezi hii saba, na hicho kichupa cha vidonge vya methili kikiwa na lebo yake, daktari wako asome kilichomo.